Binti Aliyekwama Mwaka wa Pili



Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaa wetu akiwa na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha mlikuwa na matokeo ya binti yake, mwanachuo wa mwaka wa pili anayesomea shahada ya uchumi katika chuo kikuu kimoja hapa nchini. Binti alikuwa ameanguka somo la hisabati ya uchumi. Somo la pili, linaloitwa maikroekonomia, alilivuka kwa alama 41, na alama ya kufaulu ni 40. Baba yake ni baharia, na wakati huo alikuwa safarini. Lakini alikwisha kupiga simu na kutoa hukumu. Mtoto arudi nyumbani, kwani kuna watu wa heshima walioleta posa na hakuna haja ya kutupa karo baharini. Mama hakuja kutaka fatwa. Alikuja na swali moja tu, nalo alilitoa kwa sauti ya chini: "Sheikh, mwanangu huyu ni mjinga?"

Hatukumjibu. Tulimwomba atuachie karatasi ile na atupe siku chache. Swali hilo tumewahi kulijibu siku za nyuma bila hata ya kuulizwa, tukalijibu vibaya, na aliyelipa gharama si sisi.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa katika kamati ya kusaidia karo za wanafunzi. Ziliwasilishwa karatasi kumi na mbili, na fedha zilizokuwapo zilitosha watu wanane. Miongoni mwa waombaji alikuwapo msichana wa uchumi aliyeanguka masomo mawili, na mvulana wa uhandisi aliyeanguka masomo mawili vilevile. Mvulana tulimwachia, kwa hoja kwamba uhandisi ni mgumu na kila mtu ajua. Msichana tulimkata jina, na jambo hilo halikutuchukua hata dakika tano. Hakuna katika sisi aliyeuliza masomo aliyoanguka ni yapi. Uchumi tuliudhania kuwa ni elimu ya duka, na atakayeshindwa na elimu ya duka atafaa nini? Maneno hayo tuliyasema sisi wenyewe kwa ulimi wetu. Msichana yule hakurudi chuoni. Hata leo tukikutana naye njiani hutuamkia kwa adabu, nasi huona uzito wa kuitikia.

Basi safari hii tuliichukua karatasi tukaenda nayo kwa mtoto wa ndugu yetu, ambaye husomesha uchumi chuoni. Tuliketi naye jioni mbili, kahawa na kashata zipo mbele yetu, tukamwambia atusomeshe kama anavyowasomesha wanafunzi wake. Tunayoyaandika hapa ni yale tuliyoyaelewa. Yaliyotuwia giza tumeyaacha, nayo si machache.

Kwanza tuondoe kosa lililoenea majumbani. Mzazi akisikia mwanawe anasoma uchumi hudhani anajifunza kuhesabu fedha. Tangu benki za Kiislamu zilipofungua milango hapa nchini mwaka 2008, wazazi wengi wa pwani wametamani watoto wao waupitie uchumi ili wapate kiti huko. Lakini kuhesabu fedha ni uhasibu, elimu nyingine yenye heshima yake. Uchumi huuliza kwa nini watu huchagua hiki wakaacha kile, bei hutoka wapi, na kwa sababu gani nchi moja hutajirika na nyingine hufukarika. Maswali haya ni ya kale. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliiandika Muqaddima yake mwaka 1377, na humo alizungumza juu ya kazi na thamani yake, bei za vyakula mijini, na namna kodi inapozidi inavyoweza kupunguza pato la dola badala ya kuliongeza. Yote hayo aliyasema kwa maneno. Adam Smith wa Scotland aliandika kitabu chake mwaka 1776, naye kwa maneno. Hata Alfred Marshall wa Cambridge, ambaye alikuwa hodari wa hisabati, katika kitabu chake cha mwaka 1890 michoro aliiweka katika tanbihi na hisabati akaitia mwisho wa kitabu, ili isimzuie mfanyabiashara atakayetaka kukisoma.

Mambo yakageuka karne ya 20. Mwaka 1947 Mmarekani Paul Samuelson alichapisha kitabu kilichoisimamisha elimu ya uchumi juu ya hisabati, na vyuo vya dunia vikafuata njia hiyo. Mtoto wetu hana habari ya mageuzi hayo. Katika kidato cha nne alisoma somo la biashara, ambalo lina sura za uchumi, na sura zile ni maelezo na michoro michache. Aliyapenda, akapata alama nzuri, akachagua uchumi. Mwaka wa kwanza chuoni alikutana na maelezo yale yale yakiwa yamenenepa kidogo, akatuliza moyo. Mwaka wa pili mhadhiri akaingia darasani, akaandika herufi ubaoni, na tangu siku ile maneno hayakurudi.

Somo ni lile lile. Kilichobadilika ni lugha. Tutatoa mfano mmoja, na mama zetu wataufahamu kabla ya wanachuo.

Tuseme mama ana shilingi 1,000 kwa wiki za mchele na unga. Mchele ni shilingi 150 kwa kilo, unga ni shilingi 80. Hununua kilo 4 za mchele na kilo 5 za unga, na fedha zinakwisha sawasawa. Wiki inayofuata mchele unapanda na kuwa shilingi 200. Mama anarudi nyumbani na kilo 3 za mchele. Kwa nini amepunguza kilo moja? Mtu atajibu haraka kwamba mchele umepanda, basi. Lakini hapo yametokea mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mchele umekuwa ghali ukilinganishwa na unga, kwa hiyo mkono unaelekea kwenye unga. La pili, mama mwenyewe amekuwa maskini zaidi bila ya kupunguziwa senti, kwa sababu kikapu kile kile cha wiki iliyopita sasa kinataka shilingi 1,200.

Mchumi anataka kuyatenganisha mambo haya. Anasema: hebu tumpe mama zile shilingi 200 zilizopungua, tuone. Je, atanunua tena kilo 4 za mchele? Uwezo anao, lakini pengine atachukua kilo tatu na nusu, na zinazobaki ataongezea unga, kwa kuwa mchele bado ni ghali. Nusu kilo hiyo ndiyo aliyoiacha kwa sababu ya ughali wa mchele peke yake. Kisha mchumi anamnyang'anya zile 200, jambo ambalo halifai kufanyiwa binadamu, lakini wao hulifanya kila siku kwenye karatasi. Mama anashuka kutoka kilo tatu na nusu hadi kilo 3. Nusu kilo hii ya pili ndiyo aliyoiacha kwa sababu ya kufukarika. Aliyelieleza jambo hili kwa hisabati, mwaka 1915, ni Eugen Slutsky wa Urusi, na jina lake ni miongoni mwa majina yanayowatoa jasho wanafunzi wa mwaka wa pili hadi leo.

Tulimhadithia mama wa bahasha mfano huu alipokuja kwa mara ya pili. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. "Hilo mbona twalijua, Sheikh. Ndilo tufanyalo kila mwisho wa mwezi. Sasa yeye kinachomshinda ni nini?"

Kinachomshinda ni kulisema kwa herufi. Katika mtihani hapewi mchele wala unga, wala hapewi kilo tatu na nusu. Hupewa kanuni ya herufi inayoeleza ladha ya mtu asiyejulikana, na bei zilizoandikwa kwa herufi, na pato kwa herufi, kisha huambiwa atafute ile nusu kilo ya kwanza na ile ya pili. Kulipata hilo kunahitaji kalkulasi, yaani hesabu ya kujua kitu kimoja hubadilika kwa kiasi gani kingine kinaposogezwa kidogo sana. Na aliyeanguka hisabati ya uchumi hana kalkulasi. Kwa hiyo alama 41 ya maikroekonomia na kule kuanguka hisabati si misiba miwili. Ni msiba mmoja uliosajiliwa mara mbili.

Mtoto wa ndugu yetu alitwambia: "Ami, wengi hawaanguki siku ya mtihani. Walianguka mwaka wa kwanza kwa kufaulu." Tulimtaka afafanue. Akasema masomo ya lazima ya uchumi yamepandana kama matofali. Chini kuna hisabati na takwimu. Juu yake kuna maikroekonomia, ambayo ni uchumi wa nyumba, duka na soko moja, na makroekonomia, ambayo ni uchumi wa nchi nzima. Juu kabisa kuna ekonometria, ambayo huchukua takwimu za kweli na kuzipima nadharia. Mwanafunzi anayevuka hisabati kwa alama 42 kwa kukariri maswali ya miaka iliyopita huambiwa amefaulu, wazazi hupika pilau, na tofali bovu hubaki chini ya ukuta.

Makroekonomia tutaipita upesi, isipokuwa tutaje jambo moja lililotushangaza. Sisi tumelelewa kwamba kuweka akiba ni busara. Mwingereza John Maynard Keynes aliandika mwaka 1936 kwamba wakati wa mdororo, ikiwa kila nyumba itabana matumizi kwa wakati mmoja, wenye maduka watakosa wateja, wafanyakazi wataachishwa, mapato yatashuka, na mwisho wa yote hata hiyo akiba haitaongezeka. Lililo busara kwa nyumba moja laweza kuwa dhara kwa mji mzima. Mwanafunzi hutakiwa afikiri kinyume na alivyofundishwa na mama yake, na akihitimu arudi nyumbani aendelee kuweka akiba.

Ekonometria nayo inastahili neno, kwa sababu ndiyo inayoogopwa kuliko zote na ndiyo yenye manufaa tunayoweza kuyashika kwa mkono. Swali lake kubwa ni hili: utajuaje kwamba jambo hili ndilo lililosababisha lile? Watoto wanaolipiwa masomo ya ziada jioni hupata alama bora. Je, ni kwa sababu ya masomo hayo, au ni kwa sababu wazazi wanaoweza kuyalipia pia hununua vitabu, hulisha vizuri na hufuatilia? Ukiwatazama tu hutajua. Miaka ya mwisho ya tisini, wilayani Busia, magharibi mwa nchi yetu, wachumi Michael Kremer na Edward Miguel walichunguza manufaa ya dawa ya minyoo kwa watoto wa shule. Shule 75 ziligawanywa mafungu matatu, na mafungu hayo yakaanza kupewa dawa kwa zamu, mwaka baada ya mwaka. Kwa kulinganisha walioanza na waliokuwa wakingoja zamu yao, iliwezekana kusema kwa yakini zaidi kwamba dawa ilipunguza utoro. Kremer alikuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na bibi mmoja Mfaransa, Esther Duflo, kwa kazi za namna hiyo. Kidonge cha minyoo cha mtoto wa Busia kilipimiwa kwenye somo lile lile ambalo wanafunzi wetu hulikimbia.

Sasa tuje kwetu, kwani kuna jambo linalowahusu watoto wa madrasa hasa. Watoto wetu huja chuoni na hifdhi kubwa. Waliozoea kuhifadhi juzuu hawaoni taabu kuhifadhi kurasa ishirini za madokezo ya mhadhiri. Katika masomo mengine neema hii huwabeba. Katika masomo ya lazima ya uchumi huwadanganya. Huhifadhi tafsiri ya kila istilahi, huhifadhi hata swali lililotatuliwa darasani pamoja na jibu lake, kisha mtihani huja na swali ambalo hawajapata kuliona.

Wala hili si geni kwa aliyesoma madrasa kwa kina. Nani kati yetu aliyesoma nahau hakusumbuliwa na Zayd aliyempiga Amr? Miezi na miezi Zayd anampiga Amr, na hadi leo hatujaambiwa alimkosea nini. Tuliyahifadhi matini ya Ajurrumiyya kwa moyo tukaona tumefika. Kisha mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaleta sentensi mpya kabisa, akasema, "Toeni irabu." Darasa likanyamaza. Kanuni zote tulikuwa nazo kinywani, na hakuna aliyeweza kuionyesha hata moja katika sentensi ile. Wenzetu wengi waliacha hapo, na wengine wao walikuwa na akili kuliko sisi. Tuliobaki hatukubaki kwa akili. Tulibaki kwa sababu mwalimu alitupa sentensi tatu kila usiku, na asubuhi akatusahihisha bila ya kutucheka. Hisabati ya uchumi haina dawa nyingine. Ni maswali mapya, machache, kila siku, kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe, na mtu wa kumsahihisha.

Hisabati yenyewe, kwa anayedhani ni kitu cha kigeni katika vitabu vyetu, inafaa akumbuke kwamba jina la aljebra limetoka katika kitabu cha al-Khwarizmi kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Mwanachuoni wa faraidhi anayemkuta marehemu ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, nusu kwa mume na theluthi mbili kwa dada, huona mafungu yamezidi mali, naye hana budi kuhesabu.

Mama zetu, msituone wakali kwa tutakalosema. Tulipomuuliza binti mwenyewe, mbele ya mama yake, huwa anasoma saa ngapi, alijibu kwamba akirudi chuoni hupika, huwaogesha wadogo zake wawili, huwasikiliza kazi zao za shule, huosha vyombo, na huanza kusoma baada ya saa nne za usiku. Kaka yake, aliye chuoni pia, hula na kutoka kwenda barazani. Mama aliinama. Kwa masomo ya kusoma kwa macho, mtoto huweza kuiba nusu saa hapa na robo saa pale. Swali la kalkulasi halikubali. Likikatwa katikati kwa kuitwa jikoni, huanza upya kutoka mstari wa kwanza. Hatusemi binti asijue jiko. Twasema masaa mawili yasiyoguswa, kabla ya usingizi kumshika, ni sehemu ya karo, na katika nyumba nyingi karo hiyo hulipiwa mvulana bila hata kuombwa.

Hapa ndipo tulipomkumbuka Elinor Ostrom, Mmarekani aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1933. Alipokuwa shule ya sekondari alishauriwa asiendelee na hisabati zaidi ya aljebra na jiometri, kwani ni msichana. Miaka ikapita, akataka kusomea uzamivu wa uchumi katika chuo kikuu cha mji wake, na akakataliwa kwa sababu hana hisabati ya kutosha. Tazama mzunguko ulivyo: kwanza alizuiliwa hisabati, kisha akahukumiwa kwa kutokuwa nayo. Akaingia upande wa siasa, akachunguza jinsi watu wa kawaida wanavyotunza mali ya pamoja, maji, misitu na samaki. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 mna habari za wavuvi wa Alanya, pwani ya Uturuki, ambao walikuwa wakipiga kura kugawana mahali pa kutega, kisha wakihama zamu kila siku ili asiwepo anayekaa daima kwenye mahali penye samaki wengi. Wavuvi wetu wa pwani hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, elimu ambayo mlango wake alifungiwa.

Twakiri kwamba mfano huu waweza kutumiwa vibaya. Atakayesema, "Basi binti naye aache uchumi, atafika kwa njia nyingine," hatujui kama anamwonea huruma au anamtafutia njia ya kutoka. Ni kweli kwamba wako ambao uchumi si wao. Mwanafunzi aliyepewa muda, akapata wa kumsaidia, akarudia hisabati kwa bidii na bado moyo wake unaupenda ualimu au uhasibu, ahamie huko mapema, kabla ya mihula kuharibika, na asisimangwe. Lakini kuhama kwa kuchagua ni jambo moja, na kuondolewa baada ya kuanguka mara moja ni jambo jingine. Kabla ya hukumu, mzazi aulize maswali ambayo kamati yetu haikuuliza: ameanguka somo gani, somo hilo limesimama juu ya lipi, darasa kwa jumla lilifanyaje, na amewahi kupata wa kumwelekeza? Mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyefaulu, akilipwa kidogo wakati wa likizo, aweza kulijenga tofali la hisabati kwa gharama ndogo kuliko karo ya muhula mmoja wa kurudia.

Tulizungumza na baba yake kwa simu, meli ikiwa bandarini ughaibuni. Tulitarajia mabishano. Alitusikiliza, kisha akanyamaza muda mrefu hata tukadhani laini imekatika. Mwishowe akasema, "Sheikh, mimi cheti changu cha chumba cha injini nilikipata mtihani wa tatu. Na baba hakuniita nyumbani." Wenye posa hawakukataliwa, wameombwa wasubiri, nao wamekubali.

Mtihani wa marudio ni mwezi ujao. Binti amehamia kwa shangazi yake, Kisauni, nyumba isiyo na watoto wadogo, na mtoto wa ndugu yetu humtumia maswali matano kila jioni. Juzi aliyarudisha manne yakiwa sahihi. La tano, lililofanana na lile la mchele na unga, alilifikisha hadi mstari wa mwisho, kisha akakosea alama ya kutoa.

Na yule msichana wa zamani, tuliyemkata jina, tumelirudisha jina lake mbele ya kamati kwa barua. Jibu bado halijatoka. Kwenda kumwambia mwenyewe, na kumtaka radhi, hilo bado hatujalifanya.